Kabla hujanunua rangi ya tela la zamani, dunga sakafu kwa bisibisi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na naomba mnivumilie na urefu wake maana jambo lenyewe lina mengi. Nimesoma ile makala yenu ya wikiendi kuhusu watu wanaofufua matela ya zamani ya kusafiria, yale ya kulala ndani, wengine tunayaita karavani, na nilifurahi sana kuona gazeti la Kiswahili limeyapa ukurasa mzima kwa sababu ni kitu nakipenda toka moyoni. Ila kuna kitu kimenikaa rohoni tangu siku ile. Mliweka picha mbili. Ya kwanza tela limechakaa limesimama kwenye majani, ya pili linang'aa, lina mapazia na taa za njano ndani, na kati ya hizo picha mbili hamkuweka kitu. Mimi hapo katikati nimeishi miaka mitatu, mimi na mdogo wangu. Na tangu makala itoke watu watatu wamenipigia simu kwa vile wanajua tunalo letu, wote wanauliza swali moja, wapake rangi gani, hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya sakafu.

Sasa naogopa kwamba kuna mtu saa hizi anahesabu akiba yake akanunue tela la watu limekaa nje miaka ishirini, akidhani kazi iliyobaki ni ya msasa na brashi. Huyo ndo namuandikia.

Kwanza tuelewe hivi vitu vilitengenezwaje, maana matarajio mengi mabaya yanaanzia hapo. Mtu akisikia tela la mwaka 1962 anajua moja kwa moja kwamba cha zamani ndo kigumu. Sio hivo. Matela mengi ya Marekani ya miaka ya 50 na 60, yale ya mgongo wa mviringo ambayo Wamarekani wenyewe wanayafananisha na kopo la nyama, yalikuwa bidhaa za kiwandani za haraka na za bei ya kawaida, ili familia ipate kitu cha kuvuta na gari lao la kila siku waende likizo warudi. Adui mkubwa wa mtengenezaji alikuwa uzito. Kwa hiyo mifupa yake ni vijiti vya mbao laini unene wa kama sentimita 4, vimeshikana kwa pini na misumari, ndani plaiwudi nyembamba, katikati pamba kidogo ya kuzuia joto na baridi, nje bati la alumini ambalo halifiki hata milimita moja. Lilitengenezwa litumike miaka kadhaa familia inunue jingine. Likiwa limefika leo ni kwa sababu kuna mtu alilitunza au lilikaa pakavu, na kama hayo mawili hayapo basi unachonunua ni umbo tu.

Yapo ya aina nyingine, yale ya alumini yenye ribiti kama ndege. Hawley Bowlus, mtu aliyekuwa anaunda ndege zisizo na injini, alitoa Road Chief lake mwaka 1934, na kampuni ya Airstream ya Wally Byam ikatoa Clipper mwaka 1936, na toka hapo sura ile ya risasi ya fedha ikaingia kichwani kwa watu haijatoka. Haya watu wanasema hayaozi. Ni kweli alumini haiozi, lakini Airstream nyingi unazozikuta leo sakafu yake ni plaiwudi, na hiyo plaiwudi imebanwa kati ya chasisi na ganda, yaani kuta za ganda zimekaa juu ya ukingo wa sakafu. Plaiwudi ikioza pale nyuma, ganda na chasisi vinaanza kuachana. Kuna kipimo chake ambacho kila mnunuzi anatakiwa akijue, panda kwenye bampa la nyuma bonyea kwa uzito wako wote huku mwenzako anaangalia, kama bampa linashuka na bodi imebaki palepale basi ujue sakafu ya nyuma hakuna, na kazi uliyonayo sio ya wikiendi, ni kufungua kuta za ndani, kufungua mabati ya tumboni, kukata bolti zilizoganda kwa kutu, kulishikilia ganda lisikae vibaya, ndo uchomoe kipande cha ubao kilichooza. Kubadilisha kipande cha ubao mahali pengine popote ni asubuhi moja. Pale ni mwezi.

Alafu yale maji. Hapa naomba msomaji asome taratibu kwa sababu karibu kila kitu kinachoua matela haya kinaanzia na maji, na maji hayaingii pale unapoyaona. Yanaingia juu, kwenye tundu la hewa la darini, kwenye kona za madirisha, kwenye ule mkanda wa alumini unaofunika maungio ya pembeni, kwenye vile vitaa vidogo vya juu mbele na nyuma ambavyo hakuna mtu anavifikiria. Zamani walijaza maungio na gundi laini kama ngano iliyokandwa, ikishakaa miaka inakauka inapasuka, na kila skrubu iliyopita pale inageuka kuwa njia. Maji yakishaingia yanatembea ndani ya ukuta yakifuata kijiti cha mbao, yanashuka, yanakuja kutokea chini ya kitanda mita mbili mbali na tundu lenyewe. Wewe unaona doa chini ya kitanda, unaziba chini ya kitanda. Mbao ikiwa kavu, unyevu wake chini ya asilimia 20, haiozi hata ikae miaka mia, kwa hiyo tela baya la rangi lililokaa chini ya banda kavu mimi nalichukua mbele ya tela lililopakwa juzi likakaa mvuani.

Ukienda kuangalia tela la kununua beba bisibisi na tochi. Usiangalie mapazia. Fungua makabati ya chini, ingia kichwa mpaka kwenye kona, dunga taratibu kwenye mbao pale chini ya kila dirisha, pembeni ya mlango, kando ya matairi, mbele kabisa na nyuma kabisa. Mbao nzima inakataa. Mbao mbovu inapokea bisibisi kama keki. Weka kiganja ukutani ubonyeze, ukuta mzima haucheki, mbovu unaingia na kurudi. Kama mwenye nalo hataki udunge, shukuru uondoke. Na kama ameweka kapeti jipya au plaiwudi mpya juu ya sakafu ya zamani usiku wa kuamkia mauzo, uliza kwa nini.

Sisi hatukudunga. Aliyetuuzia alisema kuna doa dogo tu pale mbele la mvua ya zamani, na sisi tulikuwa tumeshalipenda, tumeshaanza kubishana nani atalala juu nani chini, tukaliamini doa kuwa dogo. Tukaanza na kazi tamu. Tukapaka makabati, tukabadilisha bawaba, mke wangu akashona mito, ikawa inapendeza kweli na tukatumia wikiendi kama kumi hivi kwa hayo. Alafu mvua ya kwanza kubwa ikaja, asubuhi yake nikakuta mto umelowa. Nikafungua kipande cha ukuta kona ya mbele kushoto. Vijiti viwili vilikuwa vimekuwa unga, yaani nimeshika ikabaki mkononi kama tumbaku, na cha tatu kilikuwa kimesimama kwa sababu tu bati la nje lilikuwa limekishikilia. Nikaendelea kufungua, kila nilipofungua nikakuta mbele zaidi. Mpaka jioni ukuta wote wa mbele ulikuwa chini na mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlangoni sina nguvu hata ya kuongea.

Na hapo ndo nikajifunza kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokoa mwaka mzima. Matela haya ya mbao yaliundwa kutoka ndani kwenda nje. Kiwandani waliweka sakafu juu ya chasisi, wakafunga makabati na kuta, wakapitisha waya na pamba, na bati la nje likawa kitu cha mwisho kabisa kuwekwa. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza mifupa kwa usahihi anaanza kwa kuvua bati la nje, skrubu moja baada ya nyingine, alafu anakuta mifupa iko wazi mbele yake anaitengeneza akiwa amesimama nje, ndani anapagusa kidogo sana. Sisi tulikuwa tumeanza kinyume. Makabati yote tuliyopaka tukayatoa, mengine yalivunjika kwenye kutoka kwa sababu yalikuwa yamepigwa pini toka upande wa nyuma. Mdogo wangu akaacha kuja. Hakugombana na mtu, aliniambia tu kaka siwezi kuliangalia sasa hivi, na alikaa miezi sita hajafika. Naliandika hili kwa sababu makala haziandiki kwamba hizi kazi zinachosha watu wanaopendana, na anayeanza anatakiwa akae na wa nyumbani kwake wajue kwamba kuna kipindi kitakuja ambacho tela litakuwa vipande vipande kwenye uwanja na hakuna anayeona mwisho.

Kuhusu muda, mimi nilipanga miezi minne. Sikupanga ovyo, niliandika kila kazi kwenye daftari na siku zake. Ambacho sikuandika ni kwamba kila kazi inafungua kazi nyingine ambayo haikuonekana kabla hujaifungua hiyo ya kwanza. Unataka kubadilisha raba ya dirisha, unakuta fremu ya dirisha imepinda, unatoa fremu unakuta mbao inayoishikilia imeoza, unataka kubadilisha mbao unakuta waya wa taa umepita pale na ngozi yake imepasuka. Dirisha moja limekula wiki tatu. Na hapo bado hujatafuta vipuri. Viwanda vingi vilivyotengeneza matela haya vilishafungwa zamani, na vile ambavyo bado vipo kama Airstream navyo havina kila kitasa cha mwaka 1958. Kioo kilichopinda kikivunjika kinaweza kukusimamisha msimu mzima. Kwa hiyo usitupe kitu chochote kabla hujaweka kipya mahali pake, hata kile kilichooza, maana ubao uliooza nusu bado unakuonyesha umbo la kukatia mwingine, ule mkunjo wa mbele huwezi kuubuni kichwani. Piga picha kabla ya kufungua, wakati wa kufungua na baada ya kufungua. Skrubu za kila sehemu mfuko wake na uandike juu. Niliona kama upuuzi mwanzoni, ila mwaka wa pili nilikuwa nafungua mifuko niliyoifunga mwenyewe na bila yale maandishi nisingejua hata ni ya upande gani.

Sasa kuna jambo naliona linawapoteza watu wengi kuliko hata kuoza. Kuna kazi tatu tofauti na sote tunaziita kufufua. Kuna kulitengeneza tela likae kavu, liwe salama barabarani, watu walale, basi. Kuna kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, vitasa vyake, rangi zake, jiko lake la wakati ule. Na kuna kubomoa ndani yote ubaki na ganda ujenge unachotaka. Kila moja ina muda wake na hela yake na kila moja ni halali, ila mtu anaanza na ya kwanza, anaona picha mahali anahamia ya tatu, katikati anakutana na mzee anayejua matela anamwambia umeharibu kitu cha asili, anataka kurudi ya pili. Hapo ndo tela linakaa uwanjani limefunikwa turubai miaka sita alafu linauzwa kama mradi. Matela mengi yanayouzwa kama mradi yalikuwa ndoto ya mtu kabla yako, na ukiuliza vizuri utasikia aliishia wapi.

Maoni yangu mwenyewe, na najua si wote watakubali, ni kwamba kama ndani ni pazima usibomoe. Zile kuta za plaiwudi ya mti wa birch zilizopakwa vanishi zamani, miaka imezigeuza rangi ya asali, hazinunuliki popote siku hizi kwa rangi ile. Nimeona zimepakwa rangi nyeupe kwa sababu nyeupe inatoka vizuri kwenye picha na roho imeniuma. Rangi ikishaingia kwenye mishipa ya mbao hairudi. Safisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ziba palipokatika, pitisha vanishi, kaa nayo mwaka mmoja kwanza ndo uamue.

Hela nitaisema kwa kifupi. Usiweke matumaini kwamba utaliuza urudishe ulichoweka. Wapo wanaofanikiwa, wengi ni mafundi ambao hawalipi mtu mwingine kazi. Kwa sisi wengine, ukihesabu saa zako na vipuri na makosa yako ya mwanzo hairudi, na unatakiwa ulijue hilo ukiwa unaanza ili usije ukalichukia tela lako mwishoni.

Sasa chini. Watu wanapenda ndani kwa sababu ndani ndo pana mapazia, ila kinachoua watu ni chini. Tairi la tela linaweza kuwa na kashata zote zinaonekana mpya na bado likawa bovu, kwa sababu matela yanasimama sana na raba inazeeka kwa umri hata bila kutembea. Soma ubavuni, matairi yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 yana tarakimu nne za mwisho wa ile namba inayoanza na DOT, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka, ukiona 2314 ni wiki ya 23 mwaka 2014, na mimi tairi likishafika miaka sita hivi silivutii tela hata kama linang'aa. Beringi zifunguliwe zote, zioshwe, zipakwe grisi mpya, iliyochubuka itupwe. Breki zijaribiwe kabla ya safari yenyewe. Chasisi ikwanguliwe kutu mpaka chuma kionekane, hasa pale mkono wa kuvutia unapoungana na fremu, na kama kuna ufa usichomelee juu juu, mpe fundi anayejua kuchomelea chasisi. Na yale ya alumini ambayo kuanzia miaka ya 60 yalifungwa ekseli za raba ndani badala ya springi, ile raba inakuwa ngumu kwa umri, tela linaonekana limekaa chini na kila shimo la barabara linapiga ribiti moja kwa moja, hapo hakuna kutengeneza, ni kubadilisha ekseli.

Alafu uzito, hili nalisisitiza. Mtu anabomoa plaiwudi nyembamba ya kiwandani anaweka nene, anaweka vigae, anaweka makabati ya jikoni ya nyumba ya kawaida, betri mbili, tangi kubwa la maji, na ekseli ni ileile iliyopimwa kwa mzigo wa mwaka 1960. Kwa matela ya aina hii ya Kimarekani kanuni inayofuatwa ni kwamba asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote ikae mbele, ikandamize kwenye kiungo cha kuvutia cha gari. Ukijenga jiko zito nyuma na tangi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na ukifika spidi tela linaanza kuyumba kushoto kulia kama mkia na linaanza kulivuta gari, na mwenye gari hana cha kufanya zaidi ya kuomba. Lipeleke kwenye mizani kabla hujaanza na kila baada ya kazi kubwa. Sisi tulipopima mara ya pili tulikuta tumeongeza kuliko tulivyodhani ikabidi tutoe meza ya mbao nzito ambayo mdogo wangu aliichonga kwa mikono yake, iko nyumbani sasa hivi tunalia chakula juu yake.

Gesi nayo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo wewe uliyesimama unaweza usiisikie na aliyelala chini anaivuta. Regyuleta ya zamani ina raba ndani inayochoka, hiyo na mipira yote badilisha bila kujadiliana. Bomba za shaba pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo ukiwa umefungua mtungi, kiungo kikitoa mapovu kinavuja. Kamwe usijaribu kwa kiberiti. Baada ya hapo aje fundi wa gesi apime kwa presha. Na hata fundi mwangalie anavyofanya, kuna mmoja alikuja kwetu akaangalia dakika kumi akasema kila kitu kiko sawa, kesho yake nikapitisha sabuni mwenyewe kiungo cha nyuma ya jiko kikafura mapovu, na usiku huo watoto walikuwa wameomba walale mle ndani. Bado nikikumbuka nashika kifua. Tukaita mwingine, akafanya kazi yote upya.

Friji za gesi za zamani zina amonia ndani ya mabomba ya nyuma. Ukiona unga wa njano kule nyuma au ukisikia harufu kali inayochoma pua, imeshatoboka, usiiguse mikono mitupu na usipoteze muda kuitengeneza nyumbani. Weka kengele ya kuhisi gesi chini karibu na sakafu na nyingine ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ile isiyo na harufu inayotoka kwenye jiko na hita, maana nyumba yenyewe ni ndogo na hewa yake ni kidogo.

Na vumbi, hapa wengi hawajui kabisa. Vigae vya zamani vya sakafuni na gundi yake vinaweza kuwa na asbesto. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na matela mengi tunayoongelea hapa ni ya kabla ya hapo. Usipige msasa mkavu kabla hujapeleka kipande kikapimwe. Viota vya panya kwenye pamba ya ukutani usifagie vikavu, nyunyizia dawa ya kuua vijidudu vilowe kwanza, vaa barakoa na glavu, kwa sababu mkojo na kinyesi cha panya kikikauka vumbi lake linabeba magonjwa makubwa ya mapafu.

Baada ya hayo yote mtu anaweza kudhani nawakataza. Sikatazi. Nimeandika hivi kwa sababu lile letu sasa hivi limesimama, na najua mtu akianzia mahali sahihi anafika. Mpangilio ambao ningeufuata nikianza leo ni paa na maungio kwanza, chini pili, waya na gesi tatu, ndani mwisho, na kung'arisha nje baada ya kila kitu. Maungio tumia utepe laini wa butili, ile raba inayonata, chini ya kila mkanda na kila fremu, juu yake gundi ya kuziba maungio inayokubali kupakwa rangi. Silikoni ya kawaida ya bafuni iache, inashika vibaya kwenye alumini ya zamani, haikubali rangi, na ukija kutaka kuweka nyingine juu yake haishiki, unabaki unakwangua miezi. Sisi tulikwangua. Na kwa wenye yale ya fedha, kung'arisha kunachukua saa nyingi sana na kunatakiwa kurudiwa, alafu msitumie msasa, alumini ile ina ngozi nyembamba ya alumini safi juu na ndo inayong'aa kama kioo, ukiikwangua ikaisha huwezi kuirudisha.

Tegemea tela ambalo bado lina kovu. Litalia likitembea, mlango utahitaji kubembelezwa siku za baridi, kuta ni nyembamba kwa hiyo joto na baridi utavisikia, na kila mwaka utapanda juu na ngazi kukagua maungio, hiyo haiishi, ni sehemu ya kuwa nalo. Na ushauri ambao mimi ungenisaidia kuliko wote ni huu, usisubiri liishe ndo ulilale. Likishakuwa kavu, chini pako salama, mlango unafunga, weka godoro na tochi ulale humo usiku mmoja, hata kama kuta bado ni mbao wazi. Sisi tulilala mwaka wa pili hakuna hata kabati moja. Mdogo wangu ndo alirudi siku hiyo, nilimpigia nikamwambia njoo usifanye kazi yoyote njoo tu ulale, akaja na blanketi lake. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, nilimkuta nje ameshika spana.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Mkiandika tena kuhusu matela, tafuteni mtu awape picha ya katikati, ile bati limevuliwa na mifupa iko nje, na muiweke ukubwa sawa na zile mbili. Mkikosa, ninazo zangu kama mia mbili, nitawaletea bure.

Naishia hapa kwa sababu leo tuna kazi ya maji. Dirisha la nyuma kulia lina unyevu ambao siuelewi, kwa hiyo mdogo wangu atakaa ndani na tochi na mimi nje na mpira wa maji, tunaanza chini ya dirisha tunapanda juu taratibu, dakika tano kila kiungo, maana ukianza juu maji yanashuka yanalowesha kote na huwezi kujua ni kiungo kipi. Akigonga ukuta nasimama naweka alama ya chaki.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwenye tela la kijani